Alama ya kosa kwenye daftari la jumuiya

Daftari nililokabidhiwa siku nilipochaguliwa mwenyekiti wa jumuiya lilikuwa kauntabuku yenye jalada jeusi, kona zimelika, kurasa zimepigwa mistari kwa rula na kalamu nyekundu. Kushoto yalikuwa majina ya kaya 23, juu tarehe za Jumamosi. Aliyefika aliwekewa vema. Asiyefika aliwekewa kosa. Ndivyo tulivyoziita alama zile, kama tulivyofundishwa shule ya msingi, na sikumbuki yeyote kati yetu aliyewahi kuuliza mtu asiyeonekana amekosa nini.

Nilikuwa na miaka 31, mhasibu, nina mwandiko mzuri. Nadhani ni mwandiko huo ulionipa kura. Jumuiya yetu iko pembezoni mwa Dar es Salaam, na karibu kila Jumamosi wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Wao ndio waliojua nani anaumwa, nani kafiwa, nyumba gani haina unga. Lakini uchaguzi ulipofika macho yote yaligeukia wanaume watatu wanne waliokaa karibu na mlango. Nikachaguliwa, nikapewa kiti chenye mikono. Wengine wakabaki kwenye mkeka na mabenchi.

Kwa wasiosali Kikatoliki nieleze kidogo. Jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo ni familia za majirani zinazokutana kila wiki, nyumba kwa nyumba, kusoma Injili ya Dominika, kusali, kujuliana hali na kutoa mchango. Mwaka 1973 maaskofu wa ukanda huu walikutana Nairobi chini ya AMECEA, shirikisho la mabaraza yao, wakasema Kanisa lijengwe kuanzia kwenye jumuiya hizi za chini. Mwaka 1976 wakazifanya kuwa kipaumbele cha uchungaji. Walitaka Kanisa liwe mahali ambapo mtu anajulikana kwa jina lake. Kadiri miaka ilivyokwenda, kazi nyingine ikaongezeka: barua. Ukitaka kubatiza mtoto, kufunga ndoa, hata kumzika mzazi wako kwa misa, parokiani utaulizwa barua ya jumuiya. Barua hiyo anaisaini mwenyekiti. Hapo ndipo mhasibu asiye padre wala na elimu ya teolojia anapojikuta ameshika ufunguo wa mlango wa kanisa.

Alhamisi moja jioni alikuja nyumbani mama mmoja wa jumuiya yetu, mtoto mchanga kifuani, mwingine amemshika kanga. Mtaa mzima ulimfahamu kwa vitumbua vyake. Alitaka barua ya ubatizo wa yule mchanga. Nilimkaribisha barazani, nikaingia ndani nikatoka na daftari, nikalifungua mbele yake na kuteremsha kidole kwenye safu ya jina lake. Makosa 11 mfululizo.

"Mama, tazama mwenyewe," nilimwambia. "Nikikuandikia barua wewe, nitawaambia nini wanaokuja kila wiki?"

Hakubisha. Aliitazama ile safu kwa muda, akamweka mtoto vizuri begani, akasema, "Sawa, mwenyekiti." Akaondoka. Sikuona kama nimekosea. Niliona nimelinda utaratibu, na usiku ule nililala vizuri.

Mweka hazina wetu alikuwa mama mjane aliyenizidi miaka 30. Habari zilimfikia kabla ya Ijumaa ya kesho yake kuisha. Alinipitia, akakataa kukaa, akaniuliza akiwa amesimama, "Mwanangu, kwake umeshawahi kufika?"

"Sijapata nafasi, mama."

"Basi kesho nipitie saa kumi na moja alfajiri. Kabla ya jumuiya."

Jumuiya yetu ilisali Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi ili watu wawahi shughuli zao. Nilimpitia kama alivyosema, tukashuka hadi kituo cha daladala kungali giza. Yule mama alikuwa pale. Chuma cha vitumbua kiko juu ya mkaa, ndoo ya rojo la mchele na tui pembeni imefunikwa sahani, mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa akigeuza vitumbua kwa spoku ya baiskeli, kimoja kimoja, haraka kiasi kwamba mkono haukuonekana kupumzika. Binti yake, hajafika hata miaka 10, alifunga kwenye karatasi na kurudisha chenji. Makonda walipiga foleni. Kwenye foleni ile nikamwona mlinzi wa usiku, bado yumo ndani ya sare, akinunua cha kupeleka nyumbani. Nyuma yake kijana wa bodaboda, amekaa juu ya pikipiki, akisubiri abiria wa kwanza. Wote wawili walikuwa kwenye daftari langu. Wote wawili wana makosa.

Majina matatu kati ya yale niliyokuwa nikiyasoma kwa sauti mwisho wa kila mwezi, nikiwaita wazembe wa sala, yalikuwa mahali pamoja, saa ileile tuliyokuwa tukiimba wimbo wa mwanzo mita mia chache kutoka hapo. Saa ya jumuiya ilikuwa imepangwa na sisi wenye ajira za mchana, kwa ajili yetu. Bibi mweka hazina hakunihutubia. Alinunua vitumbua vya shilingi elfu, akanipa kimoja, akala kimoja, tukapanda kwenda kusali.

Nimesimulia hayo kwa urefu kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa nimeshahudhuria semina mbili za viongozi wa walei, yaani waamini wasio mapadre wala watawa. Zilikuwa semina nzuri. Nilikuwa na sifa za kiongozi mtumishi nimeziandika kwa mwandiko wangu huohuo: msikivu, mnyenyekevu, mwenye huruma. Ningeweza kuzitaja nikiamshwa usingizini. Tatizo ni kwamba nilizisoma kama sifa nilizonazo tayari, maana nilikuwa nimechaguliwa.

Lugha yetu nayo inatupa mtihani hapa. Neno mtumishi limetoka kwenye kutuma, nyumba moja na mtume na mtumwa. Ni mtu anayetumwa akaenda. Siku hizi limepanda daraja. Mtaani ukisikia "karibu mtumishi" ujue anapishwa kiti, anashikiwa Biblia na mkoba, chakula chake kinafunikwa kando. Sisi Wakatoliki hatuko mbali na hapo, tuna viti vyetu na meza zetu kuu. Na bado, tangu Gregori Mkuu alipokuwa Papa mwishoni mwa karne ya 6, mapapa wanajiita mtumishi wa watumishi wa Mungu. Injili ya Mathayo, sura ya 20, inaeleza wazi nani atumike kwa nani: anayetaka kuwa mkubwa awe mtumishi, anayetaka kuwa wa kwanza awe mtumwa, kama vile Mwana wa Adamu "asivyokuja kutumikiwa, bali kutumika." Waliosoma enzi za TANU walikariri ahadi isemayo cheo ni dhamana. Mimi niliijua kutoka kwa baba yangu. Sikuwahi kujiuliza dhamana hiyo nimewekewa na nani, na nitairudisha kwa nani.

Jumapili jioni nilikwenda kwa mama wa vitumbua, na barua mfukoni. Nilikuwa nimepanga maneno. Kabla sijayasema alinikaribisha ndani, akaniwekea stuli, na kabla ya chai akaja na jagi, beseni na taulo dogo begani, akaniinamia kuninawisha mikono. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Nikakumbuka Injili ya Yohana, sura ya 13, ninayoisikia kila Alhamisi Kuu, ile ya kabla ya Pasaka. Yesu aliondoka chakulani, akaweka kando mavazi yake, akajifunga kitambaa kiunoni, akatia maji katika bakuli. Biblia ya Kiswahili ya tafsiri ya Union inasema akaanza "kuwatawadha" wanafunzi miguu, neno ambalo majirani zetu Waislamu wanalitumia kila siku kabla ya swala, na kwa hiyo sisi wa Pwani tunalisikia na maji yake kabisa. Kwenye nyumba zetu anayeshika jagi ni mtoto, au mke, au msichana wa kazi. Mgeni wa heshima hashiki jagi. Mwenyekiti hashiki jagi. Nilikuwa mwanamume wa miaka 31, na sikuweza kukumbuka mara ya mwisho nilipomnawisha mtu mzima mikono.

Nilimwomba radhi. Alisema, "Yameisha, mwenyekiti, kunywa chai." Mtoto alibatizwa mwezi uliofuata.

Baadaye nilikwenda kusoma Kanisa lenyewe linasemaje, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kushika kalamu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 843, inasema wahudumu hawawezi kuwanyima sakramenti wanaoziomba kwa wakati ufaao, waliojiandaa ipasavyo na wasiozuiwa na sheria. Kanuni ya 868 inataka, kwa ubatizo wa mtoto, mzazi mmoja walau akubali na pawe na tumaini lenye msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani. Tumaini hilo likikosekana kabisa, ubatizo unaahirishwa, na wazazi wanaelezwa sababu. Mama anayekuja na mtoto kifuani kuomba ubatizo ndiye tumaini lenyewe. Nilitaka msingi gani mwingine?

Kuhusu mazishi, kanuni ya 1184 inawataja wanaonyimwa maziko ya Kanisa: walioasi imani waziwazi, wazushi na waliojitenga na Kanisa wanaojulikana hivyo, waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu za kuipinga imani, na wadhambi wa wazi ambao kuwazika kungewakwaza waamini. Nao wananyimwa ikiwa hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa. Asiyesali jumuiya hayumo. Asiyemaliza kadi ya zaka hayumo. Lakini nimewahi kukaa kwenye msiba, si wa parokia yetu, jeneza liko uani, wana wa marehemu wamesimama juani, na viongozi wamejifungia chumbani wakihesabu risiti. Huwa inaitwa kufundisha nidhamu. Mimi naona ni kumwadhibu aliyefiwa kwa deni la mtu ambaye hawezi tena kujitetea, na nitalisema hilo popote nitakapoulizwa.

Najua hoja ya upande wa pili, maana nilikuwa huko. Ukiachia kila mtu, watu watakuja jumuiya siku ya shida tu. Ni kweli, wapo wanaokuja siku ya shida tu. Nimejifunza kuwapokea siku hiyohiyo, kwa sababu ndiyo siku waliyokuja.

Tulibadilisha mambo machache. La kwanza ni daftari. Niliacha alama ya kosa, mahali pake nikaacha nafasi wazi, na ukurasa wa kulia tukaandika aliyekwenda kumwona asiyeonekana na alichokikuta. Anauguza Muhimbili. Amehamishiwa zamu ya usiku. Ameachika, anaona aibu. Hatakuja, amekasirishwa na maneno ya mama fulani. Baada ya miezi michache ukurasa wa kulia ulikuwa mzito kuliko wa kushoto. La pili, tulianzisha sala ya pili, Jumapili saa kumi jioni, uani kwa mama wa vitumbua, kwa wale ambao Jumamosi alfajiri ni saa ya riziki. Haikujaa sana. Watu wanane, tisa. Mlinzi alisinzia mara nyingi kwenye litania, tukamwacha asinzie.

Jambo la jagi nalizungumza kwa tahadhari. Siku za kula pamoja, kama sherehe ya somo wa jumuiya, mtakatifu tuliyemchukua kuwa mlinzi wetu, nilianza kuwanawisha watu mikono mimi mwenyewe. Mara ya kwanza walishtuka. Mara ya pili walinisifu, na mzee mmoja akanitaja kanisani. Sifa ile ilinitisha, kwa sababu niliona imenipendeza. Nikajua hata jagi laweza kuwa kiti chenye mikono. Ndiyo maana tukaweka zamu, wanaume wote, kwa mpangilio wa nyumba, asisifiwe mtu. Mwaka 2013, wiki chache baada ya kuchaguliwa, Papa Fransisko aliosha miguu ya vijana katika gereza la watoto la Casal del Marmo, Roma, wakiwemo wasichana na Waislamu, na mwaka 2016 kanuni ya ibada ikabadilishwa ili wanawake nao waweze kuchaguliwa kuoshwa miguu Alhamisi Kuu. Naipenda ibada ile. Lakini wengi wetu huenda kwenye ibada hiyo tukiwa tumeshajisugua miguu nyumbani. Miguu ya Injili ilikuwa na vumbi la njiani.

Kiongozi ninayemfikiria zaidi ninapotafuta mfano ni Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge, kule Kagera, aliyeongoza jimbo lile kuanzia mwaka 1969 hadi 1996. Miaka ya 1970 alikwenda kuishi na wanakijiji wa kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akalima nao. Kwake Utatu Mtakatifu ulikuwa mfano wa kuigwa, watu kushirikishana maisha, kabla haujawa fumbo la kufikiriwa. Mtu anaweza kubishana juu ya siasa ya ujamaa mpaka kesho. Ninachokiona mimi ni askofu aliyejua jembe la jirani yake lina mpini wa namna gani. Huwezi kumwandikia mtu kosa kama umelima naye asubuhi.

Ujuzi wa pesa nilifundishwa na bibi mweka hazina. Mimi ndiye niliyekuwa mhasibu, lakini yeye ndiye aliyeaminiwa. Sadaka ya jumuiya ilihesabiwa palepale, mbele ya wote. Yeye alihesabu kwanza, kisha akamwita mtoto yeyote aliyekuwepo ahesabu tena kwa sauti, kisha ikaandikwa, kisha ikasomwa. Shilingi 14,300. Mtoto akikosea walianza upya, hakuna aliyemkemea. Nilimwuliza kwa nini mtoto. Akasema mtoto hajui nani ana deni.

Kilichonichukua muda mrefu kuliko vyote ni kusema juu. Nilidhani kutumika ni kupokea maagizo ya parokia na kuyashusha. Kila mwaka unakuja mgawo: ujenzi, jubilei, kutegemeza jimbo, kila jumuiya imepangiwa kiasi chake. Mwenyekiti anageuka mdai, anagonga milango ileile ambayo wiki iliyopita aligonga kuulizia mgonjwa, na watu wanajifunza kuzima taa. Mwaka wangu wa tatu nilisimama kwenye halmashauri ya walei, mikono inatetemeka, nikasema kaya nne za kwangu hazina uwezo, na ya tano inauza kiwanja kwa ajili ya dayalisisi. Nilisema sitawadai, na kwamba kama ni lazima kiasi kile kitimie basi kigawanywe kwetu tulio na mishahara. Kulikuwa na minong'ono. Paroko aliniuliza maswali mawili, akaandika, akasema tuendelee. Kiasi kikapunguzwa, si chote. Mtumishi anatumwa pande zote mbili, na wengi tunaujua upande mmoja tu.

Kwetu muhula ni miaka mitatu, nami nilikaa mihula miwili. Wa pili niliutumia zaidi kutafuta mtu wa kumwachia nafasi, na hapo nilirudi kwenye Matendo ya Mitume, sura ya 6. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, watu wakanung'unika, na mitume wakataka wachaguliwe saba. Soma majina yao taratibu: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani. Kanisa lile liliukabidhi mgawo wa chakula kwa watu wa upande uliokuwa ukilalamika. Niliposoma hivyo nikamfikiria yule kijana wa bodaboda.

Alikataa mara mbili. Alisema hana elimu, hana mke, hana suti. Nikamwomba anisaidie tu kutembelea watu, kwa kuwa ana pikipiki. Aliwajua wagonjwa wengi kuliko mimi, alikuwa akiwapeleka zahanati usiku bila nauli na hakuwahi kumwambia mtu. Nikampa aongoze sala ya Jumapili, akakosea mpangilio, nikajizuia kumsahihisha mbele ya watu. Kujizuia kule ndiko kulikonigharimu. Mara moja aliusoma mgawo wa pesa vibaya, tukapungukiwa, na nilitamani sana kulichukua daftari. Bibi alinitazama tu. Nikaliacha mkononi mwa kijana.

Mwaka jana jumuiya ilimchagua kijana huyo kuwa mwenyekiti, miaka 26, na mama wa vitumbua akawa katibu. Nilimkabidhi mwenyekiti mpya kauntabuku mbili, ile nyeusi ya zamani na nyingine. Nilikaa kwenye mkeka kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita, magoti yakauma.

Jumamosi iliyopita, baada ya "Tumsifu Yesu Kristo" ya mwisho, alifungua ukurasa wa kulia, akauliza nani amemwona yule mzee fundi viatu, nafasi zake ziko wazi wiki tatu. Kimya. Akanigeukia.

"Kaka, leo nakutuma wewe."

Nilikuwa na safari ya Kariakoo. Nikasema sawa, mwenyekiti. Nilipita dukani nikachukua kilo mbili za unga na sukari, nikashuka kwa njia ya bondeni, na mlangoni kwa yule mzee nikapiga hodi mara tatu kabla sijasikia kikohozi kutoka ndani, na sauti ikiniambia nisukume, mlango haujafungwa.